Mwaka Tulioazima Mashine za Mbali

Mwezi uliopita walikuja na tingatinga kupanua barabara, na chumba cha gemu cha rafiki yangu Barisa kikaenda asubuhi moja kabla ya saa nne. Nilisimama ng'ambo nikaona ukuta wa nyuma unalala chini polepole. Upande wa ndani ulikuwa bado na rangi ya samawati tuliyoipaka wenyewe, na alama nyeusi kwenye usawa wa mabega, mahali vijana walipokuwa wakiegemea. Mwenye nyumba alilipwa, sina neno juu ya hilo. Barabara ni nzuri, vumbi limepungua, na akina mama wanaouza samaki sasa hawafuti samaki kila dakika. Nasema haya mapema ili mtu asidhani naandika kwa kuchukia barabara. Nilirudi nyumbani nikatoa madaftari ya mwaka ule, nikayasoma mpaka macho yakauma, nikaona kwamba mambo mengi niliyoyaandika ni kweli, na kwamba ukweli huo ndio uliomharibia mwenzangu maisha.

Sina elimu ya kuandika. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nina tabia ya kuandika mistari michache kila siku: nani amekuja, kumeliwa nini, nani amesema nini. Sijui kama ni tabia nzuri. Mtu anayeandika huaminiwa kupita kiasi, hasa na watu ambao hawaandiki. Barisa alikuwa akisoma kwa kufuatisha kidole, na mwaka ule aliniamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Sote tulikuwa na miaka ishirini na miwili, au yeye ishirini na mitatu, hakuwa na hakika. Mimi ni Mpokomo wa Kulesa, watu wa mashamba, yeye ni Muorma, watu wa ng'ombe, na watu wa mbali wakisikia majina hayo mawili kwenye sentensi moja hungoja habari ya vita. Haikuwa hivyo. Kwenye chumba chake cha gemu pale Garsen kulikuwa na benchi tatu za mbao mbele ya televisheni tatu, na vijana wa Idsowe waliotoka shambani na matope miguuni walikaa bega kwa bega na vijana waliotoka kunywesha ng'ombe, wakitukanana kwa sababu ya mpira tu. "Buda, hiyo beki yako imelewa muratina?" "Wewe nyamaza, goli tatu bado hujashiba?" Baba yake, Mzee Godana, ndiye aliyetoa fahali wawili ili mashine zinunuliwe. Aliwatoa bila kupenda. Siku chumba kilipofunguliwa alikaa kwenye benchi ya mwisho, fimbo katikati ya magoti, akala mahamri mawili, kisha akamwambia mwanawe mbele yetu sote: "Mimi napa wewe mwaka moja. Mvua hii mpaka mvua ile. Kama naona hii kitu naishi, kaa mjini. Kama nakufa, ng'ombe nangoja wewe, na mimi hapana taka kusikia tena habari ya gemu."

Kwa hiyo mwaka wote ule tulijua tunachopigania. Barisa hakutaka kurudi kwenye ng'ombe. Si kwamba aliwadharau, sitaki kumsingizia. Alikuwa akiwajua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, na ukimuuliza atakueleza huyu mamaye nani. Lakini aliniambia siku moja tukila wali na kambare pale nyuma, kwenye kivuli cha mabati, "Komora, nikiwa huko sisemi na mtu siku tatu, siku nne. Nikirudi, sauti yangu mwenyewe inanishtua. Hapa nasikia watu." Ndivyo alivyosema. Nimeyanakili kama nilivyoyaandika jioni ile.

Mashine zilianza kuumwa kabla ya nusu ya mwaka. Vumbi la Garsen lile la zamani liliingia kila tundu, stima ilikuwa ikipotea na kurudi kwa kishindo, na joto la adhuhuri chini ya mabati lilizifanya zivume kama pampu ya maji. Moja ikazima kabisa. Fundi wa Malindi akasema spea yake haipatikani. Barisa akaanza kuonekana kama mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa amesoma Mombasa akamwonyesha kwenye simu yake habari ya gemu za mbali.

Nieleze kama nilivyoelezwa. Gemu haikai kwenye mashine yako. Inachezewa kwenye mashine kubwa za kampuni, nchi nyingine, na wewe unaletewa picha tu kwa mtandao, kama unavyoletewa filamu. Unabonyeza padi, vile vitufe vya mkononi, hapa Garsen, amri inasafiri mpaka huko, mchezaji anapiga mpira, picha inarudi, na yote hayo yanatakiwa kuisha kabla jicho halijagundua. Yakichelewa tunasema inalegi: wewe umebonyeza sasa, yeye anapiga baadaye, na kipa ameshadaka. Uzuri wake ni kwamba huhitaji mashine ya kuumwa. Televisheni, kisanduku kidogo cha nyuma yake, padi na mtandao, basi. Vumbi litaingia wapi?

Kampuni zilikuwa nyingi. Tulizoweza kuzipata kwa simu zetu zilikuwa tatu, na majina yao sitayaandika, maana hakuna aliyetukosea kati yao. Sisi tulizipa majina yetu. Moja tuliiita Tajiri: unalipa kila mwezi, na unafunguliwa rafu nzima ya michezo, mipya na ya zamani, picha inang'aa mpaka nyasi unaona zimelowa. Ya pili tuliiita Foleni, kwa sababu inakuruhusu kucheza bure lakini inakupanga nyuma ya watu, na ukishaingia inakutoa baada ya saa moja, na michezo yenyewe lazima uwe umeinunua mwenyewe mahali pengine. Ya tatu tuliiita Jirani. Hii ilikuwa kampuni changa, michezo yake michache, mpira na ngumi na magari basi, na picha yake ina ukungu kidogo kama kioo cha kinyozi. Lakini mashine zake zilikuwa upande wetu huu wa Afrika, si ng'ambo ya bahari kama zile nyingine.

"Wewe ndiye wa kuandika," Barisa akaniambia mbele ya vijana. "Pima. Utakachosema ndicho nitakachofanya."

Nilimwambia asiseme hivyo. Akacheka. "Basi nitamwambia nani? Fahali?"

Nikapima. Nataka ieleweke kwamba nilipima kwa haki, au kwa kile nilichodhani ni haki. Kila kampuni niliipangia wiki moja, kwa kisanduku kimoja cha kuazima. Mchezo mmoja, ule wa mpira. Kiti kimoja, televisheni moja, saa zile zile, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Kila siku nilipiga penalti kumi na kuandika ngapi zimetoka pale nilipobonyeza. Niliandika pia picha ilikuwaje, ilikatika mara ngapi, bando la mtandao lilikwendaje. Na ili nisipendelee, hatukuchagua nani aanze. Tulikunja vikaratasi vitatu ndani ya kofia ya Barisa, tukatikisa, akachomoa yeye mwenyewe. Tajiri akatoka wa kwanza, Jirani wa pili, Foleni wa mwisho. Nilijivunia kofia ile. Nilifikiri hata hakimu hangepata pa kunishika.

Ilikuwa Ramadhani, wiki ya mwisho. Chumba kilifungwa mchana na kufunguliwa baada ya watu kufuturu, na ndiyo maana nilichagua saa nane: palikuwa pametulia, hakuna wateja wa kugombania padi nami. Mimi ni Mkristo, sikufunga. Nilikula nyumbani kwanza, ndizi za kuchemsha na samaki, nikapiga mswaki ili nisije na harufu, kisha nikaja. Barisa alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya televisheni ya tatu, kitambaa usoni. Nje hakukuwa na sauti. Maduka yamefungwa nusu mlango, boda boda zimelazwa kivulini na wenyewe juu yake, hata mbuzi walionekana wamefunga. Nilipenda sana saa zile. Nilibonyeza, mchezaji akapiga. Nilibonyeza, akapiga. Tisa kwa kumi. Kesho yake tisa. Siku ya tatu kumi kwa kumi.

Jua likizama tulikaa kwenye kibaraza, yeye na mimi na Bi Zuhura, mama wa Kipini aliyekuwa akiuza mahamri mlango wa pili. Yeye ndiye aliyeleta futari: tende, uji wa pilipili manga, viazi vitamu vya nazi. Barisa alikuwa akiuliza kabla hata ya tende ya pili: "Leo ngapi?"

"Tisa."

"Tisa tena!" Akamgeukia Bi Zuhura. "Mama, tumepata dawa."

"Dawa yataka kunwewa ndipo ijulikane," Bi Zuhura akasema. "Kula kwanza. Wewe Komora mbona wala kama uliyefunga, na mchana nilikuona wachambua mifupa ya samaki?"

Tukacheka. Niliandika kwamba tulicheka.

Kisha ikaja Idi, na wiki ya Jirani. Mji ulijaa. Watu walirudi kutoka Mombasa na Malindi na Hola, nguo mpya, watoto na pipi, kila mtu ameinua simu anapiga picha na kuzituma, na wale wa Arabuni wanapigiwa waone pilau. Nilikaa kiti kile kile, saa nane ile ile. Nilibonyeza, mchezaji akasimama akifikiria. Nne kwa kumi. Kesho yake tatu. Picha ikawa vipande vipande kama vigae. Niliandika bila huruma, nne, tatu, tano, nne. Moyoni nilisikitika kidogo kwa ajili ya Jirani, lakini nilijiambia kwamba huruma si kipimo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuliandika. Siku ya tatu ya Idi niliamka mapema, nikapita chumbani saa moja asubuhi kufagia maganda ya njugu. Mji ulikuwa bado umelala kwa uchovu wa kula. Televisheni ilikuwa tayari, nikaifungua Jirani bila sababu, kwa kujifurahisha, nikapiga penalti. Tisa zikatoka. Nikarudia. Kumi. Nilisimama na ufagio mkononi nikitazama. Halafu nikazima, kwa sababu ilikuwa saa moja na si saa nane, na kama ningeiandikia Jirani hiyo asubuhi, ingebidi nimpe na Tajiri asubuhi yake, na wiki ya Tajiri ilikuwa imepita. Niliona ni upendeleo. Kwa hiyo nikaliacha nje. Hivi ndivyo nilivyokuwa mtu wa haki.

Na lipo jingine, nalo nalisema ingawa silijui vizuri. Tajiri alikuwa na mchezo mmoja wa magari ya milimani, wenye theluji, na mimi sijawahi kuona theluji, nikaupenda. Wiki ile ya kwanza, penalti zikiisha, nilikuwa nikiucheza mpaka saa kumi ifike. Je, nilitaka Tajiri ashinde? Nimejiuliza mara nyingi. Kuna siku najibu ndiyo, kuna siku najibu hapana, na siku zote mbili naona nasema kweli.

Wiki ya Foleni haina maneno mengi. Siku ya pili nilingoja mpaka saa zangu zikaisha kabla sijaingia. Ndiyo tabia yake, haikuficha.

Barisa aliniambia nisome. Nilisoma yote, tukiwa tumekaa benchi ya mbele, naye akisikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayesikia hukumu ya kesi yake. Nilipomaliza akasema, "Basi Tajiri." Wiki hiyo hiyo akauza mashine mbili zilizokuwa hai, ili apate visanduku na mtandao na malipo ya miezi ya kwanza. Mnunuzi alikuwa mtu wa Witu, akaja na pikipiki na magunia, akazifunga kwa blanketi. Barisa alimfuata mpaka barabarani. "Hii ya kijivu hupata joto," alimwambia. "Adhuhuri uipumzishe. Na usiilaze upande." Yule mtu akasema sawa, sawa. Barisa akabaki amesimama mpaka pikipiki ikapinda. Namna ile ile nilimwona baadaye akisimama mnadani, ng'ombe akipakiwa.

Siku ya kwanza ya Tajiri chumba kilijaa. Siku ya pili pia. Lakini mji ulikuwa umeamka, shule zimefunguliwa, maduka wazi, na saa kumi jioni kila kijana wa Garsen na simu yake alikuwa juu ya mnara mmoja wa mtandao na sisi. Mchezaji alikimbia, akasimama, akatoweka, akatokea nyuma ya goli. Vijana hawana adabu kwenye mambo haya. "Maze Barisa, hii ni mpira ama ni picha za harusi?" "Ngoja, ngoja, anaomba ruhusa kwa mamake." "Mimi nimebonyeza jana, bado sijapiga!" Walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili waliacha kucheka, na wiki ya tatu benchi ya nyuma ilikuwa tupu.

Mimi nilikuwa bado nafikiri ni kisanduku, au waya, au mnara umeharibika. Mpaka asubuhi moja nimesimama kwenye mstari wa mahamri, nikamsikia Bi Zuhura akiongea na mwenzake juu ya binti yake aliyeko Saudia. "Mwezi wa Ramadhani wallahi nilikuwa naongea naye mchana kweupe, sura yake safi kama yuko jikoni kwangu. Mji wote umelala, nani atatumia mtandao? Sasa nikimpigia namuona jicho huku, mdomo kule." Akacheka, akageuza mahamri.

Nilitoka kwenye mstari bila kununua. Nakumbuka nilitembea mpaka ukingo wa mto, nikakaa. Nilikuwa nimepima mji uliolala kwa Tajiri, na mji uliofurika kwa Jirani, na kuviita kipimo kimoja. Kiti kimoja, saa zile zile, mchezo mmoja, na wiki mbili ambazo hazikufanana kwa lolote. Mtu yeyote aliyefunga angejua. Mimi nilikuwa nimeshiba, naandika namba.

Jioni ile nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusema. Barisa alikuwa peke yake, anakula chapati kavu amesimama. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Nimefikiri tuhamie Jirani. Halafu nikakumbuka daftari lako. Kama huyu mwenye tisa anatufanyia hivi, yule mwenye nne si atatuua kabisa?" Akanitazama. Alikuwa anauliza kweli. Ulikuwa umebaki kama mwezi na nusu mvua ianze. Kulipia Jirani mwezi mmoja kulikuwa ndani ya uwezo wetu. Ingenitosha kusema, "Kuna asubuhi moja sikuiandika." Nikasema, "Labda mnara utatengenezwa."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejipa sababu nyingi miaka hii. Kwamba sikuwa na hakika, asubuhi moja si ushahidi. Kwamba sikutaka kumbebesha kosa la pili juu ya la kwanza. Ya kweli ni ndogo kuliko hizo: alikuwa ameniambia mbele ya watu kwamba mimi ndiye wa kuandika, na sikutaka daftari liwe limekosea.

Mvua ilitangulia siku chache. Mzee Godana alikuja siku ya mnada, mji umejaa mpaka pomoni, saa kumi jioni. Barisa alikuwa amepanga mechi ya vijana wa Idsowe na wa Garsen ili baba yake akute watu, na watu walikuja, kwa kumheshimu zaidi kuliko kwa kucheza. Mzee akakaa benchi ya mwisho kama mwaka uliopita. Mechi ikaanza, ikakimbia dakika moja hivi, ikasimama. Pale katikati ya skrini kikawa kinazunguka kile kiduara.

"Hii mtu nasimama kwa nini?" Mzee akauliza.

"Mtandao, baba. Utarudi."

"Mashine naharibika?"

"Mashine haiko hapa, baba. Iko mbali. Nchi nyingine."

"Nani nashika?"

"Kampuni."

"Wewe naona yeye?"

"Hapana, baba."

Mzee akatazama kile kiduara kwa muda. Hakukasirika, na nasema hivi kwa sababu baadaye watu walimsimulia kama mtu katili. Alisema kwa sauti ya chini kabisa: "Mimi nauza ng'ombe yangu iko hapa, wewe nanunua ng'ombe iko nchi ingine, naomba maziwa kwa simu." Kijana mmoja akacheka, akanyamaza mwenyewe. Mzee akasimama, akagusa bega la mwanawe kwa fimbo, taratibu tu, kama anavyogusa mnyama wa kwanza ili kundi lifuate. Barisa akaniangalia mimi. Hakumwangalia baba yake. Nikainamia padi kana kwamba kuna kitu cha kutengeneza.

Aliondoka siku ya tatu. Bi Zuhura alimfungia mahamri kwenye mfuko wa unga. Alizima televisheni mwenyewe, moja, mbili, tatu, akanikabidhi ufunguo nimpelekee mwenye nyumba, akasema, "Basi, biashara hii haikuwa ya Garsen." Nikasema, "Haikuwa."

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nilijilipia Jirani mwezi mmoja, nikapima asubuhi, mchana, jioni, siku za kawaida na siku za mnada, na mara hii niliandika kila kitu pamoja na hali ya mji. Ilikuwa ikipata saba, nane, mara nyingine tisa. Sita siku mbaya kabisa. Picha ina ukungu, michezo michache, lakini mtu anabonyeza na mchezaji anapiga, maana mashine zake zi karibu. Vijana wa Garsen wangeicheza, hawakuwa watu wa kutafuta nyasi zilizolowa. Lile daftari nikalifunga.

Barisa nilikuwa nikimsikia kwa mbali. Ukame ulikuja, akaswaga ng'ombe mpaka upande wa Lamu, akarudi na wachache, mwaka uliofuata akarudi bila. Mzee alifariki. Sasa Barisa anachunga ng'ombe wa watu wengine, kwa mshahara. Wiki mbili baada ya chumba kubomolewa alipita Garsen kuleta ng'ombe wa mwajiri wake mnadani, akanikuta, tukaingia mkahawani tukaagiza chai ya maziwa na nyama ya kukaanga. Amekonda. Anaongea kwa sauti ya juu kidogo, halafu anajishtukia, anashusha. Tuliongea habari za barabara. Aliniuliza mke wangu hajambo, watoto hawajambo. Niliweka kikombe chini, nikamwambia. Nilianza na Ramadhani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, kicheko chake kile cha zamani. "Ramadhani mtandao hukimbia mchana, hilo kila aliyefunga anajua. Hata mimi nilijua, Komora."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimelala pale chini nakusikia unabonyeza. Nilidhani kwenye daftari kuna mahali pa mambo kama hayo. Wewe ndiye msomi." Akamega nyama. "Si kitu, ndugu yangu. Tajiri, Jirani, yote ni yale yale. Haikuwa ya Garsen. Mungu hakuandika."

Ningeishia hapo. Alikuwa ameshanisamehe, na chai ilikuwa bado moto. Lakini nilikuwa nimekuja kusema yote, na niliona nikimwachia nusu nitakuwa nimemdanganya tena.

"Jirani ingefaa," nikasema.

"Ingefaa vipi?"

"Ingefaa. Kuna asubuhi nilijaribu, sikuiandika. Na ulipoondoka nilipima mwezi mzima. Saba, nane, tisa. Hata siku ya mnada."

Aliweka nyama chini. Mwenye mkahawa akaja kuuliza kama tunataka kuongezwa, naye akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Ng'ombe walipokuwa wanaanguka," akasema, "nilikuwa nikijiambia jambo moja. Hata ningebaki mjini, isingewezekana, hakuna njia niliyoiacha. Nilikuwa nasema hivyo, halafu nalala." Akanitazama bila hasira, na ningependa angekasirika. "Sasa nitajiambia nini?"

Nikasema niliona ni haki ajue.

"Haki ya nani?"

Aliuliza kama alivyoniuliza ile jioni ya chapati, kwa kutaka kujua. Alinawa mikono, akaniaga kwa heshima, akatoka kwenda kwa ng'ombe wa watu. Leo ni siku ya kumi na moja nalifikiria swali lake, na nikilijibu bila kujipendelea, jibu ni moja: yangu.